Mwiko wa Umeme

Jumanne, 4 Machi

Nimekubali. Kwa kiburi tu, nisijidanganye.

Peremende kaniletea tangazo la chuo kikuu. Wanatafuta watu wa kuwachokoza ubongo kwa sumaku – ndiyo, sumaku! – wapate kujua binadamu anaelewaje maneno anayoambiwa. Wanawataka hasa wakalimani. "Mabingwa wa kusikiliza," tangazo linasema. Angalau huko chuoni yupo mmoja anayejua thamani ya watu. Peremende mwenyewe hawezi kwenda. Ana chuma kwenye taya tangu aanguke na pikipiki, na mashine yao haipatani na chuma. Nenda wewe dada, akasema, ukawatoe ushamba. Nikasema nitawatoa.

Huyu ni mwenzangu wa kibandani miaka yote hii. Tunakaa bega kwa bega ndani ya sanduku la kioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni, tunapokezana zamu. Wajumbe wanabwabwaja lugha zao, sisi tunageuza papo kwa papo. Jina nimempa mimi, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kumumunya peremende. Kru, kru, mpaka kwenye maikrofoni. Mkalimani wa wastani. Mkalimani wa harusi.

Leo tulikuwa na mkutano wa magonjwa ya mifugo. Wajumbe wa siku hizi hawajui kuongea! Wanatafuna maneno kama chingamu. Zamani mjumbe alisimama, akakohoa, akasema, ukasikia mpaka nukta. Siku hizi bwe bwe bwe, basi. Na fundi mitambo yule yule mzembe. Nimemwambia hedifoni zangu zimekufa. Akazijaribu, akasema mbona nzima, mama. Ana masikio huyo?

Maswali ya kutoka ukumbini Peremende kayachukua, ingawa zamu ilikuwa yangu. Siku hizi anakipenda sana kipindi cha maswali. Kujionyesha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaona hao wanasayansi.

Jengo linanuka rangi mpya. Ngazi, korido, halafu chumba kisicho na dirisha chenye kiti kama cha daktari wa meno. Mkuu wa mambo ni msichana – nasema msichana, ana shahada ya udaktari ukutani – amevaa raba na anaongea kama anakimbizwa. Nilimwambia apunguze mwendo. Akapunguza. Ikabidi nimwambie tena.

Akaniuliza maswali. Nina chuma kichwani? Nimewahi kuanguka kifafa? Nalala vizuri? Nikamjibu nalala kama mtu asiye na deni la maneno na mtu. Hakucheka. Hawa hawacheki, wanaandika.

Halafu kipimo cha masikio. Vimlio, pii, pii, vingine vidogo kama mbu yuko chumba cha pili, ukisikia bonyeza. Nilibonyeza vyote! Msichana akasema masikio yangu ni ya kijana. Nilimwambia angeniuliza mapema tusingepoteza muda.

Kisha akaleta chenyewe. Mimi nilitegemea mashine kubwa, yenye heshima. Ni mwiko! Mwiko mnene wa plastiki, kichwa chake duara mbili zimegandana kama namba nane, nyuma waya mnene unaingia kwenye sanduku. Wakanivalisha kofia ya kuogelea, wakaichora kwa kalamu, wakaniwekea mwiko utosini. Ta! Kidole gumba changu kikaruka. Chenyewe! Mkono umelala pajani, sijauambia kitu, gumba linaruka kama panzi. Nimechukia sana. Gumba langu limenitii maisha yangu yote, leo linamtii msichana wa raba.

Akaeleza, pole pole safari hii, uso kwa uso. Sumaku inapita fuvuni bila kuumiza, inavuruga kidogo sehemu ndogo ya ubongo kwa muda mfupi. Wakati huo nasikiliza sentensi. Uelewa ukishuka, basi sehemu ile ilikuwa na kazi. Ni kama kukanyaga mpira wa bustani, akasema, ndipo unajua maji yalikuwa yanapita wapi.

"Kwa hiyo mimi ni mpira wa bustani," nikasema.

"Samahani, mama. Sikumaanisha hivyo."

Jina lake kuanzia leo ni Dakta Mwiko.

Jumamosi, 8 Machi

Niko nyumbani. Heri kibandani.

Mzee, mume wangu, siku hizi anaongea na ndevu zake. Mwanamume aliyefundisha hesabu darasa la watoto sitini bila kipaza sauti! Tangu astaafu, sauti ameiacha shuleni pamoja na chaki. Anakuja nyuma yangu naosha vyombo, maji yanamwagika, sufuria zinagongana, ndiyo anaanza kunong'ona. Uvivu tu. Ananifanyisha kazi ya kibandani bure, jikoni kwangu.

Leo alisema amepewa tende. Nikamwambia weka kwenye friji. Akasimama pale mlangoni akiniangalia kama nimemtukania mama yake. Nikasema, "Nini tena? Weka kwenye friji, nitakula baadaye." Akaondoka.

Baadaye nimefungua friji. Hakuna tende! Kala zote peke yake. Uchoyo wa uzeeni huo, na mimi ndiye nitaishi nao.

Jumanne, 11 Machi

Awamu ya kwanza ya mwiko.

Ziko mbili. Siku moja mwiko ni wa kweli. Siku nyingine ni wa uongo: unalia ta-ta-ta vilevile, unagonga ngozi ya kichwa vilevile, ila sumaku haiingii. Huambiwi ipi ni ipi mpaka umalize zote mbili. Dakta Mwiko anasema bila hivyo watu wanajihisi wamevurugwa hata wasipoguswa. Labda watu wake. Mimi nina kazi ya kusikiliza.

Kidevu kwenye kishikio, kofia, mwiko nyuma kidogo ya sikio la kushoto. Ta-ta-ta-ta-ta, kama ndege anayetoboa mti. Halafu sentensi. Sentensi gani hizo! "Fundi amepaka mlango rangi ya njano." "Bibi harusi amesahau viatu." Nani kaandika upuuzi huu? Na sentensi zenyewe wamezizika ndani ya kelele, shaa, kama mvua kwenye bati. Unasikiliza, unarudia ulichoshika, kijana mmoja anachapa kwenye kompyuta.

Nilisikia kabisa mwiko unavyonivuruga! Neno linakuja, nakaribia kulishika, linageuka. Nikasema "bibi harusi amesahau watu." Kijana akachapa bila kuinua uso. Adabu hana. Nikamwambia Dakta Mwiko leo ndiyo siku ya kweli, asijisumbue kuficha. Akasema hata yeye hajui, kompyuta ndiyo inajua. Uongo wa kisayansi.

Nimerudi nyumbani kichwa kizito. Mzee kaniuliza kitu. Nikamwambia kesho.

Ijumaa, 14 Machi

Aibu. Sitaki kuandika lakini nisipoandika nitaropoka kwa mtu.

Mkutano wa mifugo, siku ya mwisho. Peremende alikuwa ametoka kwenda msalani. Mjumbe mmoja, mfugaji, akasimama kule nyuma kabisa, wala hakungoja maikrofoni ifike. Watu wanasogeza viti, wengine wanapiga soga. Alikuwa anaongea Kiswahili, mimi nawageuzia wageni. Akasema wafugaji wanaomba – nikasikia "michango". Nikawaambia wageni: wafugaji wanaomba michango. Wageni wakanuna. Kiongozi wao akajibu kwa ukali kwamba wao hawakuja hapa kuombwaombwa. Mfugaji wa watu akarudia, akapandisha sauti, na mimi nikarudia michango, michango! Ukumbi ukachafuka. Mpaka Peremende akaingia mbio, akabonyeza swichi, akachukua.

Chanjo. Mtu alikuwa anaomba chanjo. Ng'ombe wake wanakufa.

Mwenyekiti akaomba radhi kwa "hitilafu ya mitambo". Peremende akanisogezea peremende moja. Peremende! Kama mtoto aliyeanguka!

Ninajua nani kafanya hivi. Nimekaa kwenye kile kiti siku tatu tu kabla. Wamenichokonoa kichwa na mwiko wao, sasa maneno yanageuka mpaka kazini. Jumanne watanitambua.

Jumapili, 16 Machi

Sijisikii kuandika. Mzee anafua mashati yake mwenyewe, tena meupe ya kutokea. Nimemuuliza anakwenda wapi, kajibu kitu na ndevu. Sikuuliza tena.

Jumanne, 18 Machi

Niliingia kwa hasira. Korido nzima ilinisikia.

Nikamwambia Dakta Mwiko ameniharibu. Nikampa habari yote ya chanjo. Nikamwambia nitamshtaki yeye, chuo chake na huyu kijana wa kompyuta asiye na adabu. Alingoja mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema mvurugo wa sumaku hii unaisha ndani ya saa ile ile, tena mara nyingi kabla mtu hajafika getini. Haukai siku tatu. Naweza kuacha sasa hivi, hakuna atakayenilaumu. Lakini nikimaliza awamu ya pili, atanionyesha kila kitu, kompyuta itafunguliwa.

Nimemaliza. Si kwa ajili yake, kwa ajili ya ushahidi.

Na leo tofauti imeonekana! Mwiko ulilia tu, kichwani shwari, sentensi zilikuja zenyewe. Nimepata karibu zote. Nilimwambia wakati navua kofia: leo ni uongo, Jumanne iliyopita ilikuwa kweli, na ukweli wenyewe umeniharibu. Akasema njoo Alhamisi, mama. Njoo na mtu ukitaka.

Nije na mtu! Mimi si mgonjwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nilikwenda peke yangu.

Alinipeleka ofisini kwake, siyo kwenye kiti. Ofisi ndogo, viatu vya mvua nyuma ya mlango, kikombe chenye chai iliyolala. Akafunga dirisha. Akazima hata feni. Akakaa mbele yangu, karibu, magoti yetu karibu yagusane. Nikajua. Watu hawazimi feni kwa habari njema.

Akageuza kompyuta. Mistari. Kila mtu aliyechunguzwa ana mstari wake: upande huu alama alizopata siku ya mwiko wa uongo, upande ule siku ya kweli. Mistari yote inaanzia juu, inateremka kidogo. "Hawa ni wenzako," akasema. "Wakichokozwa, wanapoteza maneno machache. Ndicho tulichokuwa tunatafuta."

Chini kabisa, mbali na wote, mstari mmoja umelala kama mtu sakafuni. Haupandi, hauteremki.

"Huu ni wa nani?" nikauliza. Mjinga kabisa. Nilijua.

"Ni wako, mama."

"Siku ya kwanza ilikuwa ya kweli," nikasema.

"Siku ya kwanza ilikuwa ya uongo. Sumaku haikuingia hata kidogo."

"Nilihisi!"

"Najua ulihisi." Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa afadhali. "Na Jumanne hii ndiyo ilikuwa ya kweli. Ulisema umepata karibu zote. Ulipata chini ya nusu. Siku zote mbili, chini ya nusu."

Nikamwambia masikio yangu ni ya kijana, yeye mwenyewe alisema. Akasema ndiyo, milio unaisikia. Sauti zinafika. Kwenye kimya, uso kwa uso kama hivi, unanielewa kila kitu, sivyo? Ila maneno yakichanganyika na kelele, huko ndani hayatenganishwi. Kuna watu wanakuwa hivyo, wengine kwa sababu ya umri, wengine kwa sababu nyingine. Yeye hawezi kusema ipi. Yeye ni daktari wa utafiti, si wa wagonjwa. Akaniandikia jina la mtaalamu.

Akasema pia kitu ambacho kimenikera kuliko vyote. Kwamba watu wenye lugha nyingi kichwani, kama mimi, wanajua kubahatisha vizuri. Wanajaza mapengo. Wanaweza kwenda hivyo muda mrefu bila kujua, wala walio karibu nao wasijue.

Kubahatisha. Kazi ya maisha yangu – kubahatisha!

Nilimwambia viatu vyake vya mvua vinanuka. Nikaondoka. Barabarani gari moja likapiga honi na mtu akanipigia kelele dirishani. Sikushika hata neno moja, na kwa mara ya kwanza sikusema kwamba hajui kuongea.

Jumatatu, 24 Machi

Nimembana Peremende.

Nyuma ya kibanda kuna chumba cha kuhifadhia viti. Kimya. Nilimvuta humo, nikafunga mlango, nikamuuliza kipindi cha maswali amekuwa akikichukua kwa nini.

Akatoa peremende mdomoni, akaifunga kwenye tishu. Nikaona kweli mambo yameharibika.

"Dada, nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba maswali ya ukumbini huyapati. Nilidhani tunaelewana kimyakimya. Wewe unachukua hotuba, mimi nachukua fujo."

"Tangu lini?"

Akahesabu kichwani, nikamzuia. Sikutaka kujua.

"Na tangazo la chuo kikuu? Mabingwa wa kusikiliza?"

Akaangalia viti. "Mimi ningekwambia ungenila mzima. Nikafikiri, labda ukiambiwa na mashine."

Basi hapo ndipo nilipommwagia. Nilimwita mnafiki, mchawi, mkalimani wa harusi. Nikamwambia amekaa ubavuni kwangu anachungulia kilema changu kama mtu anayechungulia bafuni. Akasikiliza yote. Halafu akasema hatasema ofisini. Niseme mwenyewe nikiwa tayari, na mpaka hapo fujo ataendelea kuichukua yeye.

Huruma yake inanuka mnanaa. Sitaki huruma ya mtu anayemumunya kazini. Na kesho tuna kibanda pamoja na sina pa kwenda.

Jumatano, 26 Machi

Kitinda mimba wangu kaja bila taarifa. Kwa kawaida huyu binti anapiga simu, tunagombana kwa simu, yameisha. Leo kaingia, kazima redio, kanisimamia mbele.

"Mama, wewe ni mtu wa namna gani?"

Nikamwambia aniamkie kwanza. Akaniamkia, machozi yanamtoka.

"Baba anapasuliwa Alhamisi ijayo. Koo. Na hutaki hata kuzungumza naye! Kakwambia mwenyewe, ukamwambia aweke kwenye friji! Nilidhani anatania."

Nilivuta kiti.

Tende. Amepewa tende. Amepewa tarehe! Mzee wa watu kasimama mlangoni jikoni, kajikaza wiki nzima ndipo akapata ujasiri wa kusema amepewa tarehe, na mimi nimempa mgongo, mikono kwenye povu – weka kwenye friji, nitakula baadaye. Na kwenye shajara hii hii nimemwita mchoyo. Niko hapa nasoma. Mwandiko wangu mzuri kabisa, wenye mikia.

Mzee alikuwa kibarazani. Nikamfuata, nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake kama Dakta Mwiko alivyokaa mbele yangu, magoti kwa magoti. Nikamwambia niambie tena, yote, tangu mwanzo.

"Ulisema kesho," akasema.

"Ndiyo leo sasa, baba watoto. Sema."

Akasema. Uvimbe kooni, umeanza kama punje. Kwanza sauti ilikuwa inakatika akiimba bafuni. Halafu ikapungua. Alidhani ni vumbi la chaki linamtoka. Wamempima. Lazima watoe. Wanaweza kugusa mshipa wa sauti, wanaweza wasiguse, watajua wakifungua. Nilikuwa naangalia midomo yake na nilimwelewa kila neno, hata yale yaliyotoka kama upepo.

Kwa hiyo hakuwa anaongea na ndevu. Sauti ilikuwa inamwisha. Dunia nzima nimeishutumu kwa kutafuna maneno na dunia ilikuwa haina kosa, isipokuwa mtu mmoja ambaye kweli sauti yake ilikuwa inakwenda. Huyo ndiye niliyemwita mvivu.

"Mbona hukunishika bega ukanigeuza?" nikamuuliza.

"Nilifikiri hutaki kusikia. Nikasema labda anaogopa kuliko mimi. Nikakuacha."

Sikumwambia ya kwangu. Zamu ni yake.

Nilipoinuka akanishika mkono. "Na tende zenyewe ningezipata wapi?" akasema, akacheka bila sauti. Mjinga huyu. Mzee mjinga, mjinga!

Jumamosi, 29 Machi

Nimeiambia ofisi nina dharura ya familia. Ya masikio sijasema. Peremende kaandika ujumbe: pole dada, kibanda kipo. Sikumjibu. Nikamjibu: ahsante.

Mtaalamu wa Dakta Mwiko sijampigia. Nimejiambia baada ya Alhamisi. Kila siku namshika Mzee kidevu na kumgeuza uso nimwone anaposema. Anasema nimekuwa kama polisi. Binti yetu anatuangalia, haelewi, anadhani ni mapenzi yamerudi. Wacha adhani.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika hapa hapa, ukumbi wa kungojea. Viti vya chuma vimeshikamana, ukitikisika wewe inatikisika safu nzima. Televisheni inafoka ukutani, hakuna anayeitazama na hakuna anayeruhusiwa kuizima. Mtoto analia. Feni inakwaruza. Yeyote aliyebuni chumba cha watu kungoja habari hakuwahi kungoja habari.

Mzee kaingia asubuhi. Kwenye kitanda cha magurudumu alikunja kidole niiname. Nikamwangalia mdomo. Nilijiandaa kwa neno kubwa, maana huenda ndiyo mara ya mwisho kumsikia akiongea kwa sauti yake.

"Umezima gesi?" akasema.

Nikasema nimezima. Wakamsukuma. Sikumbuki kama nimezima.

Binti kaenda kuangalia gesi. Alipotoka tu, ndipo daktari mpasuaji akaja. Kijana mrefu, kofia ya kijani, barakoa imefunika nusu ya uso mpaka puani. Nilisimama. Nyuma yake wanasukuma kitanda cha mtu mwingine, magurudumu yanalia, mtoto naye kapandisha kilio, televisheni inatangaza sabuni. Akasema sentensi moja. Moja tu, labda mbili. Nilikodoa macho pale mdomo unapokaa, na palikuwa na kitambaa, kinaingia na kutoka.

Nimeshika "uvimbe". Nimeshika "wote, mama". Katikati nimeshika kitu kinachoishia na "-utoa".

Tumeutoa wote. Hatujautoa wote.

Lugha yetu hii! Nimeisifia mikutano mingapi, jinsi inavyokunja sentensi nzima ndani ya neno moja. Ndiyo na hapana zimekaa mlangoni mwa neno, silabi nyepesi, pumzi tu, na mimi pumzi hiyo ndiyo sina. Alisema "hatuja-" au "tume-"? Nimeirudia kichwani mara nyingi mpaka sasa nasikia zote mbili, kwa sauti yake kabisa.

Na nikafanya nini? Nikatikisa kichwa! Nikasema "Ahsante sana, daktari." Kwa sauti ya kibandani, ile nzuri, iliyotulia, inayowafanya wajumbe waamini kila kitu kinakwenda sawa. Akanishika bega. Bega linashikwa kwa habari njema na kwa habari mbaya vilevile, hawa wamefundishwa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayo ni ya kukosa usingizi. Au siyo. Akageuka, akaingia, mlango ukajifunga kwa ule mkono wa chuma ulio juu yake, polepole, wenye dharau.

Nimeketi na habari ya mume wangu ndani ya masikio mazima, masikio ya kijana, na siijui.

Naweza kumwambia binti lolote. Ndicho nilichokuwa nikifanya. Nitasema kwa ufasaha, nitamtuliza, atanishukuru. Wageni walinishukuru pia.

Yupo muuguzi pale kwenye meza ya mbele, naye kavaa barakoa, anaongea na simu. Nitakwenda. Nitamwambia ashushe hiyo barakoa. Nitamwambia – sentensi yenyewe ni fupi, nimeijaribu hapa kwa sauti ya chini na jirani yangu kanitazama. Sijasikia. Naomba urudie, mimi sisikii vizuri. Ulimi haunitii, kama gumba lile siku ya kwanza.

Nimesimama. Muuguzi kaweka simu. Binti naye anatokea mwisho wa korido, anakimbia, mkono juu, mdomo wake tayari unauliza na sauti haijanifikia –